Duka la Kijijini Hufuata Mvua

Wilayani Mbozi, mkoani Songwe, biashara ya rejareja haiendeshwi na mishahara. Walimu, wauguzi na watendaji wa vijiji wapo, lakini ni wachache, na sehemu kubwa ya mshahara wao huishia Vwawa au Mlowo kabla haijafika kwenye rafu yako. Wanaolisimamisha duka lako ni wakulima wa mahindi, maharage na kahawa, na mkulima hapokei fedha kila mwisho wa mwezi. Huzipata mahindi yakishakauka na kupukuchuliwa, kuanzia Juni au Julai, kisha huzipata tena chama chake cha msingi cha ushirika kinapolipa kahawa. Miezi inayobaki anaishi kwa akiba, kwa vibarua, kwa kuku anayeuzwa siku ya gulio, na kwa daftari lako la madeni.

Ninaandika kwa ajili ya kijana au mama anayekusudia kufungua duka katika wilaya kama hiyo, na kwa yule aliyekwisha kulifungua akashangaa kwamba wateja wapo, bidhaa zinatoka, lakini mtaji unapungua. Duka la kijijini mara nyingi halifi kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu mwenyewe ananunua na kukopesha kana kwamba kila mwezi unafanana na mwenzake, ilhali watu anaowauzia wanaishi kwa kufuata mvua.

Nyanda za Juu Kusini, iliko Mbozi, zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Andika miezi hiyo ukutani, nyuma ya kaunta, kisha andika pembeni yake kile ambacho mteja wako anakihitaji na kile alicho nacho mfukoni. Utaona mambo mawili hayo hayaendi pamoja. Novemba na Desemba anahitaji jembe, mpini, buti za mvua, mbegu na mbolea ya kupandia, na fedha ya mavuno imekwisha kupungua. Januari shule zinafunguliwa: madaftari, kalamu, sare, viatu. Januari hiyohiyo mahindi shambani yanadai mbolea ya kukuzia. Februari na Machi ghala la nyumbani limebaki vumbi, na yule aliyeuza gunia lake Julai kwa bei ya chini sasa anakuja kwako kununua unga wa kupima. Halafu Julai inarudi, na watu walewale waliokuwa wakinunua sukari ya shilingi mia tano wanaulizia kilo tano, mchele, soda kreti nzima, godoro, vitenge, bati.

Kutokana na kalenda hiyo, ununuzi wako unapaswa kwenda hatua moja mbele ya mteja. Bidhaa nzito, yaani chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya kula ya madumu, ziingie dukani kabla ya Krismasi. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia ni ya lami, lakini vijiji vingi viko mbali na lami hiyo, na udongo wa huko ukishalowa, nauli ya kirikuu kutoka Mlowo au Tunduma inapanda, au gari lenyewe linakataa safari. Anayeagiza mfuko mmoja mmoja wa sukari kwa bodaboda mwezi Machi anailipa bodaboda faida yake yote. Zungumza na wenye maduka wenzako wawili au watatu, kodini gari moja mwanzoni mwa Desemba, mgawane nauli kwa uzito wa mizigo. Kushindana kwenu kwa wateja hakuwazuii kusafirisha pamoja.

Sukari nayo ina msimu wake, na ni vizuri kuujua. Viwanda vyetu husimamisha uzalishaji wakati wa masika, kwa sababu miwa haivuniki vizuri katika matope na mitambo inahitaji matengenezo. Mvua zikizidi, pengo huwa kubwa zaidi. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa, sukari iliadimika nchini na kilo moja ikapita shilingi 4,000 katika maeneo mengi, hata baada ya Serikali kutangaza bei elekezi. Mwenye duka aliyekuwa na akiba ya kawaida ya wiki kadhaa aliweza kuwahudumia wateja wake. Ninasema akiba ya kawaida; kuficha sukari ukingojea bei ipande ni jambo jingine, na kijijini halijifichi. Watu wanajua gari liliposhusha mzigo na wanajua lilishusha mifuko mingapi.

Zipo bidhaa ambazo hazijali msimu: chumvi, kiberiti, sabuni ya mche, majani ya chai, mafuta ya kula, unga, dagaa, viwembe, taulo za kike. Faida ya kila moja ni ndogo, nyingine ni shilingi hamsini tu, na hapo ndipo wengi wanaponaswa na kuona afadhali fedha ikae kwenye bidhaa zenye faida nene. Usifanye hivyo. Mteja akikosa chumvi kwako mara mbili, mara ya tatu hatakuja kuulizia. Ataifuata kwa jirani yako, na akiwa huko atanunua na mafuta, na sabuni, na vocha. Taulo za kike nimezitaja kwa makusudi, kwa kuwa maduka mengi ya vijijini hayana, au yanazo zimefichwa chini ya kaunta mpaka msichana aulize mbele ya wanaume waliokaa kibarazani. Ziweke juu, mahali pa kuonekana, bei ikiwa imeandikwa, ili mtu aonyeshe kwa kidole na aondoke.

Chumvi inastahili maneno ya ziada. Sheria inataka chumvi ya kula iwe imewekwa madini joto, na wazee wa Nyanda za Juu wanaikumbuka sababu yake, kwa kuwa waliwaona watu wenye rovu shingoni. Mkoa wa Songwe wenyewe una historia ndefu ya chumvi: kule Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, watu wamekuwa wakiitengeneza kutokana na chemchemi za maji ya chumvi kwa karne nyingi. Chumvi ya kienyeji ya aina hiyo haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe. Na hata ile ya kiwandani iliyokwisha kuwekwa inaweza kuyapoteza dukani kwako ukiianika kibarazani juani au kuiacha kwenye mfuko ulio wazi ikanyonya unyevu wa masika. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, ndani, mbali na jua. Ni kazi ndogo sana kwa faida ya watoto wa kijiji kizima.

Kupanga rafu pia si suala la urembo. Majani ya chai na unga hushika harufu haraka, kwa hiyo sabuni za kunukia na mafuta ya taa vikae mbali navyo. Kiberiti kiinuliwe kutoka sakafuni. Viuatilifu, kama una kibali cha kuviuza, visikae kabisa katika chumba kimoja na chakula. Umewahi kuona chupa ya dawa ya wadudu imesimama kati ya mafuta ya alizeti na nyanya za kopo. Mimi pia nimeona, na hakuna sababu yoyote inayohalalisha jambo hilo.

Sasa nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo heshima ya duka inapojengwa au kubomoka. Mkulima anaujua uchungu wa kupunjwa. Amekwisha kushindiliwa lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likaota kilemba huku akilipwa kama gunia la kawaida. Akija dukani kwako akaona mizani yenye sahani iliyopinda, au kopo la kupimia mafuta lililobonyezwa kitako, anakutambua mara moja. Nunua mizani inayokubalika, ipeleke ikakaguliwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na stika ya ukaguzi iwe upande wa mteja. Pima mbele yake. Kama unafungasha mapema, andika uzito juu ya pakiti.

Bidhaa za kupima kidogo kidogo ndizo zinazobeba duka katika miezi ya njaa, na ndizo zinazomlemea maskini. Fanya hesabu pamoja nami. Tuchukulie kilo ya sukari ni shilingi 3,000. Ukifunga vipakiti vya gramu 100 na kuviuza shilingi 400 kila kimoja, kilo hiyohiyo imekuwa shilingi 4,000. Aliye na uwezo wa kununua kilo analipa tatu. Asiye nao analipa nne. Ni kweli kwamba kufungasha kuna gharama: karatasi, muda wako, punje zinazomwagika. Lakini gharama hizo hazifikii shilingi elfu moja kwa kilo. Ukiuza kipakiti shilingi 350 unabaki na faida nzuri, na habari itafika mbali kuliko tangazo lolote. Vifungashio navyo uviangalie: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na gazeti lenye wino halifai kugusa chakula. Karatasi safi ya kaki inatosha.

Na unga? Hapa kuna biashara ambayo wenye maduka wengi wanawaachia walanguzi. Julai mahindi ni mengi na bei iko chini. Februari watu walewale waliolima wanayatafuta. Kama una chumba kikavu na mtaji wa magunia machache, nunua mahindi ya jirani zako wakati wa mavuno kwa bei ya haki, yahifadhi, kisha yasage polepole kuanzia Januari. Adui yako atakuwa dumuzi, mdudu aliyegunduliwa nchini kwa mara ya kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye wakulima wengi wanamwita Scania kwa jinsi anavyofanya kazi. Mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na mfuko wa kawaida nje, humnyima hewa akafa bila dawa yoyote, mradi kila tabaka lifungwe peke yake kwa nguvu na mfuko usitobolewe.

Mahindi lazima yawe makavu kabla ya kufungwa, la sivyo utakuwa unahifadhi kuvu na sumu yake. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na waliokufa walikuwa wamekula mahindi ya kawaida ya nyumbani. Kipimo chepesi unacho dukani tayari. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi kiasi cha robo chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi. Ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Yaanike tena siku nyingine yenye jua kali ndipo uyafunge, kwa kuwa mfuko usiopitisha hewa unataka nafaka kavu zaidi ya hapo. Mfundishe na mteja wako kipimo hiki, na mifuko yenyewe uwe nayo ya kuuza kuanzia Juni.

Nimefika kwenye mkopo, na hapa nitakaa.

Kila duka la kijijini lina kikaratasi ukutani kinachosema leo fedha taslimu, mkopo kesho. Hakimzuii mtu. Anayeomba ni shangazi yako, ni mzee aliyekupa eneo la kujenga, ni mama ambaye mtoto wake ana homa. Katika wilaya ya wakulima kukopesha ni sehemu ya biashara yenyewe, kwa sababu fedha ya kijiji inakuja mara moja au mbili kwa mwaka na matumbo yanadai kila siku. Asiyekopesha kabisa atabaki na bidhaa zake. Anayekopesha bila mpaka atabaki na daftari.

Weka mpaka kwanza kwa duka zima. Amua ni sehemu gani ya mtaji inaweza kukaa nje mpaka mavuno bila rafu kuwa tupu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni isizidi robo. Robo hiyo ikishatoka, mkopo umefungwa mpaka mtu alipe, awe nani. Halafu gawa robo hiyo kwa wateja unaowafahamu, kila mmoja na kiwango chake, umwambie mapema, msimu ukiwa bado haujaanza, mkiwa mmetulia. Ni rahisi zaidi kumwambia mtu Novemba kwamba kiwango chake ni shilingi 40,000 kuliko kumkatalia unga Februari akiwa na sufuria mkononi. Na hata siku hiyo ikifika, heshima isipotee:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimekuja tena, nisaidie unga.”

“Mama, daftari letu limefika mwisho. Leta hata elfu mbili ya kupunguza, nami nitakupimia kilo moja leo.”

Hujamfukuza, na deni limeanza kushuka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba daftari moja halitoshi. Kuwe na mawili: lako, na kijidaftari kidogo anachokaa nacho mteja. Kila anapochukua kitu, kiandikwe kote kuwili, tarehe, bidhaa, kiasi na bei, na asiyejua kusoma aje na mtoto wa shule. Ugomvi mwingi wa Julai unatokana na kuandika “deni 27,500” bila kusema ni la nini. Mtu hakumbuki tarakimu. Anakumbuka kwamba alichukua sabuni mbili na mafuta ya robo.

Kopesha vitu vinavyoliwa na vinavyosafisha: unga, chumvi, mafuta, sabuni, daftari la mtoto. Usikopeshe vocha, sigara wala bia, na kama wewe pia ni wakala wa fedha za simu, usikopeshe kamwe fedha ya uwakala. Fedha ya uwakala wa simu ikae kisanduku chake, maana si mtaji wa duka. Nayo ina misimu yake: wakati wa malipo ya kahawa watu wanakuja kutoa, hivyo unahitaji noti mkononi, Januari wanakuja kutuma ada na nauli za watoto, hivyo unahitaji floti kwenye simu. Wakala asiyeliona hilo mapema huwarudisha wateja siku ambazo angepata kamisheni kubwa kuliko zote.

Kuna mkopo mmoja ninaokusihi usiuguse hata ukishawishiwa na mkopaji mwenyewe. Ni ule wa kumpa mtu unga na sukari Februari kwa makubaliano kwamba atakulipa kwa kahawa au mahindi Julai, kwa bei mliyoipanga akiwa na njaa. Kagera wanauita butura, Mtwara na Lindi kwenye korosho wanauita kangomba, na Serikali imepambana nao kote huko. Anayeweka rehani zao lililo mtini hulitoa kwa sehemu ndogo ya thamani yake, kisha msimu unaofuata anarudi akiwa maskini zaidi, na safari hii anaweka rehani zaidi. Wewe utapata faida miaka miwili mitatu, na kijiji kinachokulisha kitakuwa kimefilisika. Deni la shilingi lilipwe kwa shilingi. Akitaka kulipa kwa mahindi, yapimwe kwenye mizani na yahesabiwe kwa bei ya soko ya siku hiyo.

Tarehe ya kulipa iandikwe kwa zao: mahindi yakiuzwa, kahawa ikilipwa. Kuandika “tarehe 30 Machi” kwa mtu asiyetarajia shilingi mwezi huo ni kumfundisha uongo. Na malipo yakishaanza, usimvizie mtu kwenye ofisi ya chama mbele ya wenzake. Mtembelee nyumbani siku mbili tatu kabla ya siku yake ya kulipwa, mpitie madaftari yote mawili pamoja, mkubaliane atalipa kiasi gani mara moja na kiasi gani baadaye. Anayemaliza deni lote, mpe mche wa sabuni na mwandikie ukurasa mpya.

Kuhusu vibali nitapita haraka, ingawa usivipuuze. Unahitaji namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) na leseni ya halmashauri, na duka la chakula lisajiliwe na Shirika la Viwango (TBS). Mbolea inataka leseni ya mamlaka ya mbolea (TFRA), mbegu inataka usajili wa taasisi ya mbegu (TOSCI), viuatilifu vinataka kibali cha mamlaka ya viuatilifu (TPHPA). Dawa za binadamu ziache kwa maduka ya dawa muhimu, mpango uliojaribiwa kwanza Ruvuma mwaka 2003 hasa kwa ajili ya watu wa vijijini. Dawa za vidonda na homa zinazouzwa kwa kidonge kimoja kutoka kwenye kopo la pipi zinaumiza watu. Ukipata usajili wa mbegu, usifungue pakiti na kuuza kwa kikombe. Lebo yenye namba ya uhakiki hubaki kwenye pakiti, mkulima akapoteza uthibitisho wake, na mbegu zilizotiwa dawa zenye rangi zikiingia jikoni bila onyo zinaweza kuwa sumu. Mbolea vilevile: mwombe msambazaji akuletee mifuko ya kilo 5, 10 na 25 kwa wasioweza ule wa 50, kuliko kuchana mfuko na kuuacha wazi ukaloa.

Mwisho kabisa, siku ya kufungua. Wengi hufungua Julai, kijiji kikiwa na fedha, wakaona mauzo ya wiki ya kwanza na kuamini kila wiki itakuwa hivyo. Faida ya Julai wanajengea nyumba au kununulia pikipiki, na Novemba inawakuta hawana cha kununulia bidhaa za mvua. Fungua Septemba au Oktoba, na piga hesabu ya mtaji kwa kuanzia hapo hadi Juni. Kama fedha uliyo nayo haiwezi kukufikisha Juni huku robo yake ikiwa mikononi mwa watu, usikope benki kujazia. Anza na kibanda cha chumvi, sabuni, kiberiti, dagaa na unga, pamoja na mizani yenye stika ya mwaka huu, na duka kubwa ulingojee msimu unaofuata.